Madirisha ya Upande wa Kusini

Iko siku moja naikumbuka sana, mwanangu, na nikiikumbuka mikono yangu huacha sindano yenyewe. Ulikuwa mwezi wa saba, mvua imetoka kunyesha, nami nimesimama katikati ya wodi mpya ya akina mama kule Koboko, njia ya kwendea Dranya. Jina la kituo naliacha, maana kosa lilikuwa langu, si lao. Vitanda vilikuwa havijaingia. Jua lilipenya madirisha ya kaskazini likalala sakafuni taratibu, la manjano, likasogea mpaka vidoleni mwangu, nami nikaliangalia nusu niko macho, nusu naota. Wallahi lilikuwa zuri. Nikajisemea, haya, jua la nyumba hii nimeshalijua.

Nilikuwa binti wa cherehani hapa Arua mjini, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza nje ya sebule za watu. Kitambaa kizito cha mapazia ya kuzuia jua kilitosha ukuta mmoja tu. Wakaniachia mimi nichague, kaskazini au kusini. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, mwanangu; kushona hata mashine inashona.

Alikuwepo mama mmoja wa pale, Mama Poni, mwembamba, hana viatu, miaka mingi anadeki wodi ya zamani ya jirani na sasa wamemwongezea hii. Akaacha deki, akawa ananitazama nikipima. "Binti," akasema, "wewe iko na haraka?" Nikamjibu bila kugeuka kwamba hesabu zote nimeshapiga. Loo, ujana! Akacheka kidogo, akaendelea na kazi yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona aibu kumuuliza mwenye deki habari za madirisha.

Nikashona, nikarudi, nikatundika mapazia ya kuvuta kwa kamba ukuta mzima wa kaskazini. Yalinyooka, usiseme. Nikapanda gari kurudi Arua najiona fundi.

Mvua zikaisha. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya nikapita tena Koboko kupima duka la mtu, nikaona niingie wodini nikaangalie kazi yangu. Sikufichi, nilitaka sifa.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kiangazi chetu unakijua, vumbi jekundu limetulia hewani, hata mbwa hawabweki. Nikafungua mlango, nikadhani nimekosea nyumba. Mapazia yangu yananing'inia kaskazini, hayana la kufanya. Mwanga wote unatoka kusini, mweupe, umejaa vitandani, na akina mama wamefunika nyuso zao kwa khanga kimya kimya.

Jua la kwetu linahama, mwanangu. Miezi ya mvua linapita kaskazini ya vichwa vyetu, kiangazi linavuka kwenda kusini. Unafikiri sikujua? Nimekua nikianika muhogo kwa bibi yangu kule Aroi, nikihamisha mkeka kila msimu! Lakini waliponipa tepu na karatasi, nikaona mambo ya muhogo ni ya kijijini, hayaingii kwenye kazi ya serikali.

Kwenye dirisha la tatu msichana mmoja, Kiden, alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono yote miwili juu, ameshikilia kitenge chake kwenye kioo, maana ukuta ule hauna hata msumari wa kukitundikia. Katika kile kivuli cha kitenge alilala mtoto wake, aliyezaliwa kabla ya miezi yake, mdogo jamani, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Vitanda vimejaa, hana pa kuhamia. Ilikuwa siku ya nne anasimama hivyo, kila alasiri mpaka jua litue.

Mama Poni alinikuta nimeganda mlangoni. Hakupaza sauti. "Binti ya hesabu," akasema, "kiangazi mimi nadeki ile wodi ya zamani, maji inakauka kwanza upande huu. Kila mwaka. Ungeuliza tu, ningekuonyesha."

Nililia, mwanangu, mbele ya watu. Kisha nikapanda, nikang'oa mapazia yangu moja moja, nikayahamishia kusini. Kumbe madirisha ya huko ni mapana zaidi, panabaki shubiri nzima ya jua. Nikafungua leso ya kiunoni, nikaipasua, nikaungia palepale kwa mkono. Kivuli kiliposhuka juu ya kile kitanda, wodi nzima ilishusha pumzi.

Nikamwambia Kiden teremka sasa, pumzika. Mikono ikakataa kushuka. Imekauka huko juu. Mimi na Mama Poni tukaiteremsha polepole, tukiikanda, naye anauma midomo. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akanitazama kwa mshangao. "Kumbe iko mutu alikosea?" akasema. "Mimi nilifikiri ni bahati yangu tu iko mubaya."

Mtoto alinyonya jioni ile, namshukuru Mungu. Lakini neno lile halijanitoka mpaka leo, na ndilo nililokuitia. Siku hizi mna vipimio vya taa nyekundu, mnapima ukuta kufumba na kufumbua. Vizuri. Kesho unakwenda Omugo kupanga mapazia ya shule, na watakuonyesha ramani ya jengo. Itazame, kisha uiweke chini. Keti pale atakapoketi mtoto, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uliza jua la miezi ambayo hukuwepo, na umuulize yule anayefagia kabla ya yule anayetia sahihi. Usisubiri mtu aje kukulalamikia. Mwenye nyumba yake atakugombeza hata kwa uzi mmoja uliochomoza, lakini mtu wa wodini, mtu wa darasani, atavumilia kosa lako na kuliita bahati yake, wala hatajua kwamba lina jina, na jina ni lako.

Nenda na heri, mwanangu. Mungu akupe jicho la subira na ulimi usioona haya kuuliza, na kila chumba utakachokigusa, wasiokujua wapumzike ndani yake.