Mchezo wa Kumlilia Ombati

Majani ya mgomba yakianza kunyauka hutoa harufu nzito, ya utomvu na ya udongo uliolala na mvua. Mwalimu Nyakundi aliyafunga kwenye kuta za darasa letu kule Kiogoro ili yawe msitu wa Burma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na uhuru ulikuwa bado mpya. Mwalimu alikuwa ametunga mchezo kuhusu vita alivyopigana ujanani, akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, pamoja na rafiki yake Ombati, mtu wa Itumbe, ambaye hakurudi. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya majani na daftari la mchezo, niwanong'oneze waigizaji maneno waliyosahau.

Watu walikuwa wakimshuku mwalimu tangu zamani. Miaka arobaini ilikuwa imempita bila mke wala mtoto; alijisongea ugali wa wimbi mwenyewe, na akitajiwa msichana alicheka na kugeuza mazungumzo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, wanawake walisema kisimani. Baba yangu, mzee wa kanisa, akaniita kando jikoni.

“Wewe uko karibu naye,” akasema. “Angalia anachowafundisha, uje uniambie.”

Tangu siku hiyo kila alichofanya nilikitilia shaka. Siku aliyonituma chaki nyumbani kwake, niligusagusa kila kitu: kitanda kimoja, blanketi la jeshi, na picha ya askari wawili walioshikana mikono. Lakini kwetu wanaume marafiki walishikana mikono hata sokoni, na nikatoka nimeudhika kwa kukosa kosa. Kosa nililipata daftarini. Katika onyesho la mwisho askari aliyebaki hai anaiosha maiti ya mwenzake, na mwalimu alikuwa amefuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka: “Sikukupenda kama ndugu. Ndugu ninao.” Jioni ile nilimpelekea baba daftari. Alisoma, akalifunga, akanirudishia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa mwalimu nilikuwamo mimi.

Siku ya wazazi darasa lilijaa hadi madirishani. Mstari wa mbele aliketi mama mzazi wa Ombati, bikizee aliyetoka Itumbe kwa miguu kwa sababu mwalimu alimwalika. Maneno yale yalipotamkwa, baba akasimama, na wazee wawili nyuma yake.

“Mwalimu, maneno hayo yana maana gani?”

“Maana yake ni hiyo hiyo uliyoisikia, mzee.”

Kelele ikalipuka. Mtu mmoja akang'oa majani ukutani. Yule bikizee, ambaye hakujua Kiswahili, alikuwa akigeuka huku na huku akiuliza kwa Kigusii, “Wamesema nini kuhusu mwanangu?” Akanishika mkono mimi niliyekuwa karibu, nikamtafsiria, neno kwa neno. Akanyanyuka, na watu wakatulia.

“Mimi niliambiwa amekufa, basi,” akasema. “Miaka yote hii nimejiuliza kama kuna aliyemwosha. Ni wewe?”

“Ni mimi, mama.”

“Na ulimlilia?”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Bikizee akamwendea, akamketisha kando yake kwenye benchi, akamwambia baba yangu, “Kaa chini. Nataka kuuona mwisho.” Baba hakukaa. Alitoka, na nusu ya watu wakamfuata. Waliobaki waliuona.

Muhula haukuisha kabla mwalimu hajaondolewa shuleni. Alihamia Itumbe, akamlimia bikizee yule chai, na mama huyo alipofariki, mwalimu akamzika kama mwana amzikavyo mamaye. Majirani wa huko nao walimchungulia hadi alipokufa. Sikwenda kumwomba msamaha. Nilijiambia nitakwenda, nikaolewa, nikazaa, siku zikapita.

Leo watu kama yeye wana jina, na jina lenyewe hupigiwa kelele redioni na mimbarini. Enzi zetu hatukuwa na neno; tulikuwa na macho tu. Wajukuu wangu hudhani zamani palikuwa na amani zaidi, kwa kuwa hapakuwa na kelele. Nami huwaambia kuhusu daftari, na kwamba aliyelibeba hadi kwa baba ni mimi.