Mchungwa wa Baba Ndani ya Chupa

Wifi yangu, mke wa kaka, huotesha michungwa ndani ya chupa. Ana shahada, koti jeupe na maabara yenye baridi kama jokofu. Mama yangu alipoelezwa kazi hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu kaoa mganga!" Tangu hapo akawa anamwita Bi Chupa, tena mbele yake, maana mama hajui kusengenya kwa siri.

Kejeli ziliisha mchungwa wetu ulipougua. Baba aliupanda mwaka aliojenga nyumba, na sasa ni marehemu. Ukitutoa mimi na kaka, hatukuwa na kingine kilichopita mikononi mwake kikabaki hai. Bwana shamba aliyatazama majani ya manjano akasema ugonjwa huo hauna dawa. Ung'olewe, uchomwe, usije ukaambukiza mtaa mzima.

Mama hakulia. Alimfuata wifi jikoni, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu. "Mwanangu, nioteshee mwingine. Otesha mingi, hata mia."

Wifi alikata ncha za machipukizi, ndogo kuliko punje ya mtama, mahali ambapo ugonjwa haujafika, akazipanda kwenye rojo ya lishe ndani ya chupa. Siku tatu baadaye mti ukachomwa. Kilichobaki kilikuwa kwenye zile chupa tu.

Kazi ya maabara ina homoni mbili: moja huchipusha, nyingine huleta mizizi, na zote hupimwa kidogo mno. Lakini wifi alikuwa akitafuta sifa kwa mkwewe. Akazidisha ya kuchipusha. Vikatoka vichipukizi tele, vifupi, vinene, vimebanana, na mzizi hata mmoja hakuna. Kwa hofu akazidisha ya mizizi. Vikavimba vinundu chini, vikawa vyeusi, vikafa.

"Haraka haraka haina baraka," nilimwambia.

"Funga bakuli lako," akanijibu, na nilistahili.

Vilibaki vichipukizi vitatu. Mama alikuwa akiuliza kila asubuhi, kisha anaongeza ushauri: mbolea, maji ya mchele, majivu. Siku moja wifi alirudi kutoka kazini macho mekundu. Aliniambia ameviweka kwenye rojo tupu, bila homoni yoyote, kwa sababu hakuthubutu tena kugusa kitu. Niliona aibu kwa ile methali yangu.

Viwili vilikauka. Cha tatu kilikaa wiki tano kama kimenuna, kisha kikatoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi.

"Ulikitia nini?" mama aliuliza, akiiinua chupa kwenye mwanga.

"Sikukitia kitu, Mama. Vile vingine niliviua kwa kuvihangaikia."

Mama alimrudishia chupa kwa mikono miwili. Mwanamke huyu alikuwa amemfundisha wifi upya kutia chumvi, kufagia, kufua, hata kukaa na mume, miaka minne mfululizo.

Mche ulipokomaa tulichimba shimo palepale uani, mbali kidogo na jivu. Mama akatokea na ndoo ya samadi imejaa pomoni.

"Mama," wifi akasema, "naomba uiweke chini."

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimwamuru mama yangu akabaki salama.

Mama akaitua ndoo, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. "Haya, mwanangu. Panda wewe."