Jiwe Nililomrushia Korongo

Enzi zetu likizo ya Juni haikuwa ya kulala. Sisi wana wa Ng'ambo ya mjini tulifungiwa nguo mbili kwenye furushi la kanga, tukapelekwa shamba kwa mabibi kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Wa umri wangu mnaelewa ninachosema. Mpunga ukianza kukomaa minana, ndege wadogo wapenda punje, walishuka makundi kwa makundi, na asiyekuwa na mtoto wa kupiga kelele juu ya dungu, kile kichanja cha miti, alivuna makapi.

Bibi yangu, Bi Mwatima, alilima bondeni upande wa Tunguu, kando ya ziwa dogo lisilokauka hata kiangazi. Asubuhi na mapema alitupandisha dunguni, mimi na dada yangu Mize, na mhogo wa jana na chai ya mchaichai kwenye birika lililobonyea ubavu. Mchana kutwa tulipiga debe, tukaimba, tukagombana, tukalenga ndege kwa makombeo tuliyosuka wenyewe kwa usumba wa nazi. Sijisifu, lakini shabaha yangu ilijulikana mpaka makonde ya ng'ambo ya ziwa.

Tatizo la mtoto wa mjini ni kwamba kila kinachoruka kwake ni ndege tu. Siku moja alishuka korongo, shingo ndefu, akawa anatembea baina ya mpunga taratibu kama bibi harusi anayetolewa ndani. Mimi nikaona mwizi mkubwa kuliko wote. Nikazungusha kombeo. Jiwe likampata bawani, akaanguka majini, nami nikashangilia.

Bibi akaja mbio na jembe mkononi. Nilidhani anakuja kunipongeza.

"We Zuhura! Hebu nambie, huyu kakula punje gani yako?"

Nikaficha kombeo nyuma ya mgongo.

"Huyu anakula panzi na kaa wanaotumaliza sisi. Mimi nshakwambia minana! Sasa utamlisha wewe mpaka aruke. Asiporuka, na wewe mjini hurudi."

Alimfunga bawa kwa kipande cha kanga, akamfunika kwa tenga la kuku uani. Karibu likizo yote iliyobaki niliingia ziwani mpaka magotini, na chandarua kilichochanika, nikikamata vyura na visamaki. Korongo alinidonoa vidole, kovu ninalo mpaka leo. Mwanzo niliogopa kubaki shamba. Baadaye niliogopa kwamba atakufa kwa mkono wangu, na hofu hiyo ndiyo iliyoniamsha kabla ya jogoo. Ziwa lile nikalijua kama uani kwetu: wapi maji yanachemka baridi kutoka chini, wapi ndege wamejenga viota ndani ya matete.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa Bibi akamfungua. Korongo akasimama, akatukodolea macho, akakimbia hatua tatu, akanyanyuka. Mize akapiga vigelegele. Mimi nikalia kwa furaha. Bibi alisema tu, "Haya, kafunge nguo zako." Lakini tangu hapo ikawa sheria ya bonde zima: korongo hapigwi, na ziwa halilimwi.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Bonde limezungukwa na kuta za matofali. Masika iliyopita likaja lori la kifusi kufukia ziwa, pauzwe viwanja. Tukapigiana simu, wanawake tuliokaa madunguni utotoni, tukaja na majamvi na mabirika yetu, tukakaa mbele ya lori. Dereva akashuka.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba. Geuza gari, mwanangu."

Akageuza. Mwenye viwanja, nasikia, bado hajakata tamaa.

Mjukuu wangu, ambaye anaweza kumaliza siku nzima bila kuinua uso kwenye simu, kanionyesha ughaibuni watu wazima wanavaa mavazi meupe wafanane na korongo, ili wawalee vifaranga wa aina zinazokaribia kumalizika. Nilicheka mpaka nikakohoa. Bibi yangu alifanya kazi hiyo kwa kanga zake mbili, na mjukuu mmoja aliyekuwa analia! Ila moyoni nilifarijika kujua kwamba duniani tuko wengi. Nikampeleka ziwani. Alipiga picha mia, na mbu mmoja akamng'ata, akapiga kelele utadhani kaumwa na nyoka. Watoto wa siku hizi, ngozi zao za karatasi.

Enzi zetu korongo hatukuwahesabu, kwani walikuwa wengi mno. Juzi nimeona wanne tu, na nimesikitika. Lakini wanne hao wana pa kutua kwa sababu sisi tulikaa pale, na hilo najivunia kuliko chochote nilichofanya utu uzimani. Kombeo langu nimelisuka upya, nimelitundika nyuma ya mlango. Korongo sitampiga tena maisha yangu. Lakini lori lile likirudi, taa zake ni kubwa kuliko mnana, na mkono wangu bado hautetemeki.