Onyo Lisilozuia Kitu

Januari ya 2008 nilikuwa fundi wa kompyuta katika cyber moja, duka la intaneti, mjini Nakuru, na mlango wetu wa chuma ulikuwa umeshushwa nusu. Ndivyo maduka ya mtaa ule yalivyouza wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi: mteja anainama, anapita chini, na mbio zikianza nje, aliye karibu anauvuta mpaka sakafuni.

Ndugu yangu mdogo alikuwa Kihoto, kule Naivasha. Tangu vurugu zifike huko, simu yake ilikuwa haipatikani.

Mimi nikawa napigana na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu. Kila nikisakinisha programu, mashine ilitema onyo lile lile: kuna regex, yaani kanuni ya kutafutia majina, imeandikwa vibaya. Programu zenyewe ziliingia bila shida, lakini onyo lilinikera kama mbu sikioni. Nikafuta mabano ya kanuni ile, nikayarudisha, nikajaribu tena. Onyo. Nikainuka, nikachungulia barabara, nikaketi. Onyo. Mteja akiuliza kitu namfokea, halafu namwomba radhi.

Mwenye cyber, mzee Msikh aliyezaliwa hapa hapa mjini, alinivumilia mchana kutwa. Mwishowe akavuta kiti.

"Boss, hii kitu inazuia internet?"

"Hapana, mzee."

"Inazuia printer?"

"Hapana."

"Sasa wewe unatafuta nini huko ndani?"

Niliogopa kufungua email yangu, basi. Namba zote alizokuwa nazo ndugu yangu, hata yangu, zilikuwa ndani ya simu yake ile isiyopatikana. Alichojua kwa kichwa ni anwani yangu ya email tu. Kama yuko hai, angeniandikia. Na nikikuta hakuna barua? Nikihangaika na mabano, swali hilo lilinipa nafasi kidogo.

Mzee hakuondoka. Nikafungua.

Barua zilikuwa tatu, zote zake. Katika ya kwanza alisema yuko salama Longonot, nje ya Naivasha, ofisini kwa rafiki yake. Katika ya pili aliuliza mbona sijibu. Ya tatu ilikuwa imeingia muda si mrefu: "Nasikia Nakuru ni mbaya. Umenyamaza sana. Nakuja kukutafuta."

Na barabara ya kutoka Naivasha ilikuwa imejaa vizuizi vya vijana wenye mapanga. Nikaandika: "Niko sawa. Usije." Nikatuma, nikakodolea skrini macho.

Jibu likaingia.

"Kumbe uko hai! Nilikuwa nishavaa viatu."