Kazi yake kufungua mlango na kufyata ulimi

Saa tatu asubuhi, Toledo, Ohio. Theluji ya jana imegeuka tope mlangoni, na Loretta Piskorski amesimama katikati ya ngazi, funguo mkononi, akimsubiri mtu apumue.

Anayepumua ni Mzee Delbert Yoakum, miaka sabini na tisa, mstaafu wa kiwanda cha vioo, anayetembelea fimbo. Jina lake limefika mbele kwenye foleni ya jengo hili la watu wa kipato kidogo baada ya mwaka na nusu, na mwisho wa mwezi anatakiwa awe ametoka anakokaa. Nyumba zilizo wazi ni mbili. Ya chini kabisa ameshaiona. Sasa wanakwenda ya juu kabisa, na lifti hakuna.

"Zimebaki ngapi?" anauliza.

"Kumi na tisa, mzee."

"Mbona huniambii nirudi chini?"

"Hujaniuliza," anajibu Loretta, akitazama ukuta.

Usidhani mwanamke huyu, meneja wa jengo mwenye miaka hamsini na saba, hana huruma. Anayo, tena ilimponza. Miaka kumi na minne iliyopita, akiwa mgeni kazini, alikuja mama mmoja na wavulana watatu, akaipenda nyumba hiyohiyo ya juu kwa sababu ya kibaraza chake. Loretta akawatazama watoto wanavyorukaruka, akaogopa wataanguka. Akamwambia mama yule kwamba ya juu haimfai mwenye watoto, asubiri ya chini. Ile ya juu akampa mtu mwingine.

Mama alisubiri miezi saba, akilala na wanawe sebuleni kwa dada yake. Uvumilivu ulipomwishia, akashitaki. Sheria inamkataza mwenye nyumba kumchagulia mpangaji pa kukaa kwa sababu ya watoto, ulemavu, rangi, dini, jinsia au asili yake, hata kama nia ni njema. Kampuni inayomiliki jengo ilimwomba radhi na kumlipa. Loretta alipewa onyo la mwisho na siku tatu za darasa la sheria hiyo.

"Nilidhani watasema nina roho nzuri," anasema. "Wakaniuliza, nani kakufanya mama yao? Niliona aibu, naiona mpaka leo."

Nakala ya malalamiko bado iko kwenye droo yake. Sentensi moja anaijua kwa moyo: "Alinihurumia mpaka akaninyima nyumba."

Tangu hapo kila anayekuja anaoneshwa nyumba zote zilizo wazi, kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye kadi. Loretta haulizi mguu umefanya nini. Hasemi mtaa huu una wazee wenzako. Kazi hiyo inamlipa dola kumi na tisa kwa saa, na majina mia mbili na kumi na mawili bado yanangoja kwenye foleni.

"Ukimwona na mgeni utadhani kameza funguo," anatania Terrell Boggs, fundi wa jengo. "Mgeni akiondoka sasa, anamwaga yote aliyoyazuia, na masikio yangu ndiyo yanalipa."

Mzee Yoakum anafika juu, uso umemwiva. Kibaraza hakitazami. Anasimama katikati ya sebule na kuinua macho darini.

"Unasikia nini, bibie?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndicho nilichokifuata. Miaka thelathini na mmoja nimeishi chini ya miguu ya watu. Mke wangu kafa, juu wanaburuta viti." Anaegemea fimbo. "Majengo mawili niliyokwenda waliiona fimbo, wakanipeleka chini kabla sijafungua mdomo. Sasa niambie, ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Loretta anaitazama kadi yake.

"Ningechukua ninayoitaka, mzee."

"Hii, basi. Ila ngazini kuna kishikio upande mmoja tu. Kushoto sina pa kushika."

Hapo Loretta anashuka mbiombio kuifuata fomu ya kuombea kishikio cha pili, na kabla ya saa sita Terrell anapima ukuta wa ngazi.

Mzee akishaondoka, Loretta anamega andazi lake la jamu ofisini na kukiri kwamba mzee yule atamkosesha usingizi. "Nitazisikiliza zile ngazi kila siku," anasema. "Lakini ni ngazi zake."

Miaka miwili ijayo anastaafu. Jina lake liko kwenye foleni ya jengo jingine, karibu na mto Maumee, kama la mtu yeyote, na ameandika kwamba anataka ya juu. Magoti yote mawili yanamuuma, na binti yake hataki kulisikia jambo hilo.

"Atakayekuja kunionesha sitaki aniambie kitu," anasema Loretta. "Asimame tu na funguo zake, anisubiri nipumue."