Jezi Tulizochoma Getini

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi jioni, hapa Busia. Nilikuwa nimebeba gunia la jezi begani, vijana wenzangu wanaimba nyuma yangu, nami najiona mwanaume kwelikweli. Mjinga mkubwa! Lakini ngoja, nitafika huko.

Nilisikia uliyoyasema jana ulipopita hapa kwangu Buhehe. Wachezaji hawajalipwa tangu msimu uanze, kocha amekimbia, na mwenye timu wa sasa anapita mjini na gari jipya. Jumapili wewe na wenzako mtachoma jezi mbele ya geti la uwanja, mpige picha, mzitume kwenye simu. Ulipoondoka nilishindwa hata kumaliza chai yangu. Hasira yako ni ya haki, mwanangu, hilo nalisema wazi. Unaipenda timu, halafu unaona mtu anaikamua mpaka inakauka, utakosaje kuumia?

Mimi niliumia hivyohivyo. Enzi zetu timu ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye duka kubwa, tukimwita Tajiri. Uwanja ulikuwa unajaa, watu wanavuka mpaka kutoka upande wa Kenya kuja kutuona, lakini kila mkutano Tajiri anasema watu hawaji, hakuna kitu. Wachezaji walikuwa wanatembea kwa miguu kwenda mazoezini. Hata sabuni ya kufulia jezi timu haikuwa nayo. Zilikuwa zinafuliwa na Mama Wandera, mchuuzi wa samaki wa Majanji kule ziwani, mama wa kipa wetu, kwa sabuni yake mwenyewe.

Wandera huyo kipa alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mikono mirefu, bwana, mpira ukija kwake umefika nyumbani! Na Jumapili ile, tukicheza na timu ya Tororo, mtu wa klabu kubwa ya Kampala alikuwa anakuja kumtazama yeye. Wandera alikuwa ameniambia mimi peke yangu, akicheka kwa woga.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kifuani mwa kila jezi lilikuwa limeandikwa jina la duka la Tajiri. Kila nikiliona, damu inachemka. Nikawaambia wenzangu, tukichoma jina lake mbele ya watu ataona haya, na kesho asubuhi ataleta jezi mpya. Nililiamini jambo hilo kabisa. Nikaenda kwa Mama Wandera, nikamwambia nimetumwa kuchukua jezi. Hakuniuliza kitu. Alizikunja moja moja, akanipa. Alizoea kuniona pale kama mwanawe.

Tulizichoma mbele ya geti la uwanja. Zilinuka vibaya, tukashangilia.

Asubuhi Tajiri hakuleta hata soksi. Alikuwa Tororo, anakula nyama na marafiki zake. Wachezaji walikimbia kwenda kuazima jezi za shule moja upande wa pili wa mpaka, lakini mwalimu mwenye ufunguo alikuwa ameenda kanisani. Wakaingia uwanjani hivyohivyo, huyu na fulana nyekundu, yule na shati la ibada. Refa akakataa. Akangoja muda wake, akapuliza filimbi, Tororo wakapewa pointi za mezani. Yule mtu wa Kampala alimpa Wandera mkono, akaingia kwenye gari, akaondoka.

Mama Wandera alinifuata palepale kwenye kamba ya kuzungushia uwanja. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Ouma," akasema, "munakomesha nani?"

"Tajiri, Mama. Jina lake lilikuwa kwenye jezi."

"Jina ni yake. Jezi ni yetu. Sisi mama wa samaki tulichanga tukanunua, yeye akaandika duka yake juu. Yeye anavaa jezi siku gani? Eeh? Niambie."

Nililia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilipomaliza, akatoa mfukoni mahindi makavu, akayamwaga kiganjani mwangu. Kule Majanji alikuwa anahesabia samaki kwa mahindi, kila kumi wakitoka, punje moja inahama mfuko. "Wewe unapenda hii timu, hilo najua," akasema. "Sasa kaa kwa geti. Mutu akilipa akaingia, punje moja. Usipige kelele. Kaa tu."

Nilikaa. Nilikaa msimu wote uliobaki, mwanangu, jua linanichoma, walinzi wa Tajiri wananicheka, "Ouma anafuga kuku!" Kila mtu aliyelipa akapita, punje moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Zilizohama nilizitia kwenye kopo kila mechi ikiisha.

Ukafika mkutano wa mwisho wa msimu. Tajiri akasimama na wimbo wake wa siku zote: watu hawaji, wachezaji wavumilie. Mama Wandera akanigusa mgongoni. Nikaenda mbele, nikamwaga kopo lote juu ya meza yake. Mahindi yakajaa, mengine yakaanguka chini. Nikasema kila punje ni mtu aliyelipa mbele ya macho yangu.

Tajiri akacheka. "Haya ni mahindi tu, jamani."

Hapo ndipo mzee mmoja wa boda ya baiskeli akainuka kutoka nyuma. Akaja polepole, akachagua punje moja, akaiinua juu watu waione. "Hii ni mimi," akasema. "Nililipa." Akafuata mama muuza ndizi: "Na hii ni mimi." Akaja fundi cherehani, akaja mwalimu, wakapanga foleni mpaka nje. Tajiri aliacha kucheka. Hakuna aliyemtukana wala kumgusa. Siku hiyo alikubali mashabiki washike geti, na wachezaji wakaanza kupata chao. Mwaka uliofuata akaachia timu yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo una timu ya kukasirikia.

Lakini Wandera hakuitwa tena na mtu yeyote. Anabeba simenti Tororo, mgongo wake umepinda. Nikikutana naye ananikumbatia, ananiuliza habari za watoto. Alinisamehe siku ileile. Mimi ndiye ninayeangalia mikono ile mirefu na kutafuta pa kuweka macho.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiizime hasira yako, nani atawatetea wale wachezaji? Ila kabla hujawasha kibiriti, uliza kitu hicho ni cha nani na kesho nani atakikosa. Mwenye timu hatakosa kitu. Atakayekosa ni kipa wenu, na mama anayefua. Kaeni getini. Hesabuni watu mbele ya macho ya wote, mwende mkutanoni mmoja mmoja na majina yenu, mumuulize. Inachosha, najua, na haipendezi kwenye picha. Hiyo Jumapili pitia hapa kwanza. Nimekupukuchulia mahindi, yako kwenye kopo nyuma ya mlango.

Mungu akutangulie, akupe subira ya kukaa juani na sauti isiyotetemeka ukifika mezani. Awape wachezaji wenu haki yao. Na miaka ikipita, ukakutana na kipa wenu njiani amezeeka, Mungu akujalie umtazame usoni.