Kitunga Kisichooshwa

Tulikuwa uani kwa bibi, pale Kigwena: bibi yangu Marita, aliyemzaa baba, baba mudogo Deo, kitindamimba wake, mke wa Deo, Jenerosa, aliyeolewa kutoka Bugarama na hajapata mutoto bado, jirani Mwajuma, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, na mimi, wa kutumwa na kufagia.

Haya yamenirudia juzi, rafiki yangu. Mjukuu wangu Nadine alitoka soko la Rumonge na machungwa yanang'aa kama sahani. Jumapili haijafika, yote iko na ukungu wa kijani. Nadine anasomea kilimo, akaniambia: "Bibi, juu ya ganda kunaishi vijidudu vizuri, vinawanyima vile vibaya pa kukaa. Wakisugua sana, wanaviondoa." Nilimkumbuka Jenerosa.

Kwa bibi, machungwa yalichumwa umande umeshakauka, kila moja na kikonyo chake. Maji hayakuyagusa. Yalilazwa ndani ya kitunga cha zamani, cheusi kwa utomvu, juu ya majani ya umuravumba, yale yenye harufu ya kupanda puani. Kitunga hicho bibi alikipata kwa mama yake, na hakijawahi kuoshwa. Machungwa yalingoja kamiyo, lori la Bujumbura, majuma mazima, hayaozi. Kwa nini, bibi hakumwambia mtu.

Jenerosa alipenda usafi. Msimu wake wa kwanza alibeba kitunga mpaka ziwani, akakisugua kwa mchanga na sabuni ya mawese, akaosha machungwa moja moja huku anaimba. Aliporudi, Mwajuma alishtuka:

"Ee, mwanangu, haya si—"

"Muache!" bibi akamkata. "Mukazana wangu ni msafi. Murakoze, asante, binti yangu, murakoze sana."

Nikamwona bibi anatabasamu. Nilifurahi mimi, nikadhani sasa amempenda.

Mvua ikaharibu njia, kamiyo ikachelewa. Kila asubuhi bibi alipita kwenye kitunga, akanusa, akaenda zake. Harufu ilipofika kwa majirani ndipo akawaita, akamwagia Jenerosa kitunga chote miguuni, uji wa kijani.

"Njooni muone! Tumbo kavu, na mkono unaozesha!"

"Mama, ningejua..."

"Ungejua nini? Funga nguo zako."

Jenerosa akamtazama mume wake. Deo akatazama viatu vyake.

Alifagia uozo wote kwanza, bibi amesimama juu yake. Kamiyo ilipofika, ikampandisha yeye pahali pa machungwa. Lilikuwa limebaki chungwa moja zima, bibi alilificha kwenye majani ya umuravumba tangu siku ya kuchuma, halikuoshwa. Akamtupia kule juu.

"La njiani," akamwambia. "Usilioshe."

Ndivyo alivyomfundisha.

Siku hizi umuravumba wa uani umeng'olewa, pamejengwa duka la simu. Kitunga sijui kiliishia wapi. Deo alioa tena, na yule naye hakuzaa, bibi akafa hajamshika mutoto wa Deo. Jenerosa hatukusikia habari zake.

Kama iko mtu wa Bugarama anasoma hapa, na nimekosea jina au mambo yalivyofuatana, munisahihishe. Na lile neno la mwisho bibi alilomwambia Jenerosa, kama nimelikumbuka vibaya, muniambie upesi. Mimi ni mzee, nitafurahi sana kuwa nimekosea.